Fangasi wa vidoleni wanaorudi kila mara: jibu kwa mlinzi wa zamu ya usiku

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mlinzi hapa Dar es Salaam, navaa buti kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ni mwaka wa pili sasa katikati ya vidole vya miguu pananiwasha, ngozi inakuwa nyeupe na kuchubuka, na nikivua viatu harufu inanitia aibu. Duka la dawa walinipa krimu wanayosema ina dawa tatu ndani yake. Nikipaka siku nne muwasho unakwisha, nikiacha baada ya wiki mbili tatu unarudi. Sasa nimeanza kuwashwa na kinenani. Wenzangu wanasema ni damu chafu, nichomwe sindano. Mwingine kaniambia nimwagie maji ya betri. Mimi ni Mwislamu, natawadha kila siku. Je, maji ndiyo yananiletea? Na je, naweza kumwambukiza mke wangu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na maji ya betri, maana hilo haliwezi kungoja: usimwagie. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Yanaunguza ngozi nzima pamoja na nyama iliyo chini yake, na kidonda cha namna hiyo kikifungiwa ndani ya buti kwa saa kumi na mbili hugeuka usaha upesi. Mafuta ya taa, petroli na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ni yale yale. Wanaozisifu husema muwasho ulikwisha siku hiyo hiyo, na ni kweli ulikwisha, kwa sababu ngozi yenyewe iliungua.

Kwa jinsi ulivyoeleza, karibu nina hakika una fangasi wa miguu. Kaa penye mwanga, panua vidole, tazama nafasi kati ya kidole kidogo na kile kinachokifuata. Hapo ndipo wanapoanzia mara nyingi, kwa kuwa vidole hivyo viwili vimebanana kuliko vingine na hewa haipiti. Ukiona ngozi nyeupe iliyolowa, inayobanduka kwa kidole na kuacha pekundu au mpasuko mwembamba unaochoma ukigusa maji, basi ndiyo hali ninayoisema. Fangasi anayesababisha hali hiyo mara nyingi zaidi duniani anaitwa Trichophyton rubrum, naye ni wa ukoo mmoja na wanaoleta mapunye vichwani mwa watoto na choa mwilini.

Ukoo huu chakula chake ni keratini, ile protini ngumu inayojenga tabaka la juu kabisa la ngozi, pamoja na kucha na nywele. Tabaka hilo limeshakufa. Halina damu wala mishipa. Kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili ni nzima, fangasi hawa hubaki huko juu, hawaingii kwenye damu. Kwa hiyo damu yako si chafu, na hakuna sindano ya kuisafisha. Ukikutana na mtu anayekuuzia sindano ya fangasi wa vidoleni, okoa fedha zako. Wala huna haja ya kuona aibu, kama kwamba ni ugonjwa wa wasiooga. Ni ugonjwa wa miguu inayofungiwa kwenye joto na jasho: walinzi, askari, wanafunzi wa bweni, wachimbaji, wafanyakazi wa viwandani wanaovaa mabuti ya mpira, madereva wa safari ndefu. Anayeshinda na kandambili huwapata kwa nadra.

Sasa krimu yako, kwa sababu kiini cha tatizo lako kiko hapo. Hizo krimu za dawa tatu kwa kawaida zina dawa ya fangasi, mara nyingi clotrimazole. Dawa ya bakteria, kama gentamicin au neomycin. Na steroidi kali, kama betamethasone. Ni steroidi inayokupa nafuu ya siku nne. Kazi yake ni kutuliza ulinzi wa mwili: inazima muwasho, uvimbe na wekundu, vitu ambavyo ni mwili wako wenyewe ukipambana na fangasi. Wewe mwenye kazi hii utanielewa: ni kumnyamazisha mbwa wa ulinzi wakati mwizi bado yumo uani. Unaona kimya, unadhani umepona, unaacha. Dawa ya fangasi iliyomo haijapata muda wa kumaliza kazi, na steroidi imewaachia fangasi ngozi isiyojitetea. Wanaporudi, wanarudi wakiwa wamesambaa zaidi.

Ukiendelea hivyo kwa miezi, yanakuja mambo mengine mawili. La kwanza, sura ya ugonjwa hubadilika. Ile pete yenye ukingo wa magamba inayotusaidia kumtambua fangasi hufifia, na mtu anaweza kutibiwa pumu ya ngozi au mzio huku fangasi wakizidi kuenea mbele ya macho yake. La pili, ngozi huwa nyembamba. Sehemu laini kama kinena na sehemu ya ndani ya mapaja huchanika michirizi ambayo haifutiki tena. Nakuomba usiipake hiyo krimu kinenani hata mara moja.

Kuna na jambo kubwa kuliko mimi na wewe. Nchini India, krimu hizi za mchanganyiko zimekuwa zikiuzwa na kupakwa kiholela kwa miaka mingi, na huko kumezuka fangasi sugu ambaye mwaka 2020 alipewa jina Trichophyton indotineae. Wengi wa fangasi hao hawasikii terbinafine, dawa ambayo ndiyo tegemeo letu, na wameshaonekana Ulaya na Amerika Kaskazini. Wataalamu wengi wa ngozi wanahusisha kuzuka kwao na matumizi hayo ya steroidi. Nikiingia duka la dawa na kuona krimu ya dawa tatu inatolewa kwa kila anayejikuna, bila kuulizwa wala kutazamwa, moyo unaniuma, kwa sababu naijua njia hiyo inapoishia.

Basi paka nini? Omba dawa yenye kitu kimoja tu ndani yake, na usiamini jina kubwa la mbele ya boksi. Geuza boksi usome maandishi madogo. Ukiona neno lolote linaloishia na "-sone", kama betamethasone au hydrocortisone, au neno clobetasol, rudisha.

Chaguo langu la kwanza kwako ni krimu ya terbinafine asilimia 1. Hii inaua fangasi, na inabaki kwenye ngozi siku kadhaa baada ya kuacha kupaka, ndiyo maana dozi yake ni fupi: mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Bei yake mara nyingi iko juu kidogo. Ukikosa, clotrimazole asilimia 1 au miconazole asilimia 2 zinafaa kabisa na zinapatikana kirahisi, ila hizi zinahitaji uvumilivu: mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Wengi huziona hazifanyi kazi kwa sababu walizipaka siku sita. Muwasho huondoka wiki ya kwanza, lakini fangasi bado wapo, na kinachotakiwa ni kuendelea mpaka ngozi iwe safi kabisa kisha kuongeza wiki moja au mbili. Kuna pia mafuta ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki, dawa yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja na ya bei nafuu katika zahanati zetu. Ni nzuri hasa kwa unyayo mgumu wenye magamba. Kwa vidole vilivyochubuka kama vyako inachoma, kwa hiyo si ya kuanza nayo.

Usikubali nystatin. Hiyo inatibu fangasi wa aina nyingine, wale wa utando mweupe wa mdomoni na ukeni. Hawa wa miguuni haiwafanyi kitu.

Namna ya kupaka ina maana sawa na dawa yenyewe. Osha miguu, kausha kila nafasi kati ya vidole kwa kitambaa kisafi kisichotumika mahali pengine, subiri dakika chache, kisha paka dawa nyembamba. Paka miguu yote miwili hata kama mmoja unaonekana mzima, nafasi zote kati ya vidole, na uvuke kingo za sehemu yenye ugonjwa kwa upana kama wa vidole viwili, kwa kuwa fangasi wameshatangulia mbele ya kile unachokiona. Usirundike dawa katikati ya vidole ikabaki nyeupe. Unyevu wake utazidisha kulowa. Ikiwa panachuruzika maji, anza kwa siku mbili tatu kuloweka miguu dakika kumi hadi kumi na tano kwenye maji yaliyotiwa pamanganeti ya potasiamu kidogo sana, mpaka maji yawe ya waridi hafifu. Yakiwa ya zambarau yamezidi, yataunguza. Chembe zake ziyeyuke zote kabla hujatia mguu.

Kuhusu vidonge: vipo vya kumeza, terbinafine, itraconazole na griseofulvin, nasi huvitoa pale ugonjwa umeshika unyayo mzima hadi ubavuni mwa mguu, au umeingia kwenye kucha. Tazama kucha zako. Zikiwa nene, za njano, zinamung'unyika, basi hapo ndipo ghala lao, na krimu ya vidoleni peke yake haitakuponya. Kucha za miguu huhitaji terbinafine ya kumeza kwa wiki 12 hivi, chini ya uangalizi, kwa kuwa dawa hii hupita kwenye ini. Griseofulvin mjamzito haruhusiwi kuimeza, na mwanamume anayeimeza asitafute mtoto mpaka miezi sita ipite baada ya kuimaliza. Kidonge cha ketoconazole ukipewa kwa ajili ya fangasi wa vidoleni, kikatae. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walipendekeza kisitumike tena kwa magonjwa ya fangasi, na wale wa Marekani wakakiwekea mipaka mikali, kwa sababu kinaweza kuharibu ini vibaya sana. Hakuna muwasho wa kidole unaostahili hatari hiyo.

Buti lako ni nusu ya ugonjwa, na hapo krimu peke yake haitakusaidia. Mbegu za fangasi hukaa hai kwa miezi ndani ya viatu na soksi. Unapona leo, kesho jioni unautia mguu kwenye ghala lile lile, lenye joto na jasho la jana. Ukiweza, pata jozi ya pili ya buti, hata ya mtumba iliyosafishwa vizuri na kukaushwa, ubadilishane siku hadi siku ili kila jozi ipate saa 24 au zaidi za kukauka. Najua si kila mwajiri anatoa jozi mbili. Kama ni moja tu, ukifika nyumbani asubuhi fungua kamba zote, vuta ulimi wa buti nje, toa soli ya ndani uianike peke yake, jaza magazeti yanayonyonya maji kwa saa moja kisha uyatoe, na uweke buti penye jua na upepo mpaka alasiri. Nyunyiza poda ya fangasi ndani kabla ya kuvaa. Poda ya kawaida ya mtoto husaidia kunyonya jasho lakini haiui kitu.

Soksi chukua jozi mbili kwenda kazini. Saa sita usiku, ukipata nafasi ya kukaa, vua, futa vidole, vaa kavu. Watu hupuuza hili kwa kuwa ni dogo, nami nimewaona wagonjwa waliopaka dawa sahihi kwa miezi bila kupona, wakaja kupona walipoanza kubadilisha soksi katikati ya zamu. Soksi za pamba au sufu ni bora kuliko za nailoni. Zifue kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Kama huna mashine, loweka kwenye maji yaliyochemka kisha anika juani. Taulo la miguu lifuliwe vivyo hivyo.

Na kinena chako. Fangasi wamepanda kutoka miguuni, na njia yao kubwa ni mbili: taulo linalofuta miguu kisha mapaja, na chupi inayopitishwa kwenye miguu yenye ugonjwa wakati wa kuvaa. Vaa soksi kwanza, kisha chupi. Jifute juu kwanza, miguu mwisho, au tumia kitambaa tofauti. Krimu ile ile ya terbinafine au clotrimazole inafaa kinenani, na lazima utibu sehemu zote mbili kwa wakati mmoja; ukitibu kinena ukaacha vidole, utakuwa unaanza upya kila mwezi. Tazama viganja pia. Wapo watu ambao miguu yote miwili ina magamba pamoja na kiganja kimoja, mara nyingi kile cha mkono wanaojikunia.

Umeuliza habari ya udhu, na nimefurahi umeuliza badala ya kunung'unika kimya au kuacha kuosha miguu vizuri. Maji hayakuletei fangasi. Kupitisha kidole katikati ya vidole vya miguu unapotawadha ni usafi mzuri. Shida inaanza pale unaposali kisha ukarudisha miguu iliyolowa ndani ya soksi na buti. Maji yanafungiwa, ngozi inalainika, fangasi wanapata wanachokitaka. Kujifuta baada ya kutawadha hakuharibu udhu. Beba kitambaa kidogo cha pamba mfukoni, kiwe cha miguu tu, ukaushe katikati ya kila kidole kabla ya kuvaa. Na ukiwa msikitini kwenye sehemu ya kutawadhia, vaa kandambili zako mwenyewe badala ya zile za kila mtu, maana sakafu yenye unyevu inayopitiwa na miguu mingi ni mahali pa kuambukizana.

Hilo linajibu na suala la mke wako. Ndiyo, unaweza kumwambukiza, kwa taulo, kandambili, sakafu ya bafu, na kwa kugusana ngozi sehemu yenye ugonjwa. Mtazame miguu na mapaja, naye akiwa na dalili mtibiwe pamoja. Kama mmepanga nyumba yenye bafu la pamoja, kila mtu wa nyumbani mwako awe na kandambili zake. Watoto wadogo huwapata fangasi wa vidoleni kwa nadra. Mtoto mwenye unyayo mkavu unaopasuka mara nyingi ana tatizo jingine la ngozi, kwa hiyo usimpake dawa yako kwa kukisia.

Nimesema karibu nina hakika, kwa kuwa sijauona mguu wako, na si kila kinachooza katikati ya vidole ni fangasi. Harufu kali uliyoitaja inanifanya nikuombe uangalie unyayo pale panapobeba uzito. Ukiona vishimo vidogo vidogo vingi, kama ngozi imetobolewa kwa pini, hasa ukilowa maji, hao ni bakteria wanaopenda jasho, na wanatibiwa kwa dawa ya bakteria ya kupaka, si krimu ya fangasi. Majimaji ya kijani yenye maumivu makali nayo ni bakteria. Muwasho ulioko juu ya mguu, miguu yote miwili sawasawa, kwa umbo la kiatu, huenda ni mzio wa gundi, mpira au ngozi ya buti.

Pia kuna wakati wa kuacha krimu na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ile mipasuko katikati ya vidole ni mlango, na bakteria hupita hapo kuingia ndani ya mguu. Mguu ukivimba, ukawa wa moto, unauma, homa ikapanda au mtoki ukatokea kinenani, usingoje kesho. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani vizuri. Tafuta ngozi iliyokoza rangi, inayong'aa na kukazana, na linganisha joto lake na mguu wa pili kwa mgongo wa mkono. Mwenye kisukari asijitibu kwa kukisia hata siku moja, maana mpasuko mdogo kwake unaweza kuishia kukatwa mguu. Na wewe ambaye fangasi wamekurudia mwaka wa pili, pima sukari, ni kipimo cha dakika chache. Watu huniuliza pia kama fangasi wa vidoleni ni dalili ya VVU. Kwa wengi sana si hivyo. Buti na jasho vinatosha kueleza. Ila ukucha ukianza kuwa mweupe kutokea mzizi wake badala ya nchani, au fangasi wakitapakaa mwilini haraka, kupima ni busara.

Ukifuata haya kwa wiki nne na hujaona ngozi safi, usinunue krimu nyingine. Nenda ukapimwe. Kipimo ni rahisi: wanakwangua magamba, wanayatia potasiamu haidroksaidi, wanatazama kwa hadubini kama kuna nyuzi za fangasi. Acha kupaka dawa kwa wiki mbili kabla ya kwenda, ama sivyo majibu yanaweza kusema hakuna kitu wakati wapo. Si lazima umpate daktari bingwa. Tangu miaka ya 1990 chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maafisa tabibu magonjwa ya ngozi, na wengi wao wanahudumu katika hospitali za mikoa na wilaya. Uliza kwenye hospitali iliyo karibu nawe kama kuna kliniki ya ngozi na inafunguliwa siku gani. Unapokwenda, vaa kandambili, usipake kitu asubuhi hiyo, na chukua boksi la ile krimu ya dawa tatu pamoja na buti lako moja, ili anayekuhudumia ajue ulichokuwa unapaka na mguu wako unalala wapi usiku kucha.